Mwalimu Aliyeuliza Habari za Sufuria

Mwalimu wetu wa kwaya hakujua kuimba. Nalisema hili mwanzoni kabisa, mtu asije akanilaumu baadaye kwamba nilimficha. Sauti yake ilikuwa kavu, ikipanda inapasuka, ikishuka inazama, na kila alipotaka kutuonyesha noti ya kuanzia ilitubidi tuangalie vidole vyake badala ya kumsikiliza. Lakini mtu huyohuyo, aliyeshindwa kuifikisha hata "Amina" mwisho wake salama, ndiye aliyetutungia nyimbo zinazoimbwa kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, na ng'ambo ya ziwa pia, na watu ambao hawajapata kumwona.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ukimuuliza mwenyewe, alikuwa akijibu, "Nilizaliwa sauti ya nne, wakanifukuza." Sisi tulimwita Mwalimu, ingawa sijui darasa lolote alilofundisha. Alikuwa Mwalimu wa kwaya kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ambako mimi nilikulia, na tuliporudi Burundi na kujenga mtaa wa chini, karibu na ziwa, alirudi na cheo chake kama wengine walivyorudi na mabati yao.

Mama yangu hakumpenda. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na beti sita pamoja na kiitikio. Nitaifikia. Mimi niliimba sauti ya pili kwa Mwalimu miaka kumi na mitano, na kila Jumamosi nilipotoka kwenda mazoezini Mama alinisindikiza na maneno yaleyale: "Umusalimie yule muchoma watu."

Waimbaji wake alikuwa akiwaokota sokoni. Asubuhi mitumbwi inaporudi na ndagala, yaani dagaa, wanawake wanajaa pale mwaloni, ufukweni, wakigombania ndoo, na Mwalimu naye alikuwa anasimama pembeni na kofia yake, hanunui kitu, anasikiliza ugomvi. Siku moja mchuuzi kutoka Magara alikuwa anamtukana mvuvi, tena kwa mpangilio mzuri, na Mwalimu akamgusa bega. "Mama, ukimaliza kugombana njoo kanisani Jumamosi saa tisa. Una sauti ya kwanza." Mama yule alidhani ni tusi jipya na akamgeukia yeye. Alimtukana mpaka akachoka, na Jumamosi akaja. Nusu ya kwaya yetu ilipatikana kwa njia hiyo, ndiyo maana hatukupata kukosa nguvu.

Vyombo vyake vya kazi vilikuwa vitatu: daftari la shule, penseli, na kigoda alichokigonga kwa penseli hiyo ili kupiga mdundo. Kalamu ya wino hakuigusa. Alisema wino una kiburi, unadhani umemaliza. Kwake neno lolote lilipaswa kuenea kwenye mipigo, na lisipoenea halikuingia, liwe la mtu mkubwa au la malaika. Tulipotunga wimbo wa kumshukuru mchungaji kwa kanisa jipya, jina la mchungaji lilikuwa refu mno. Mwalimu aligonga kigoda mara tatu, akajaribu kulikata, akajaribu kuliharakisha, mwisho akalitoa na kuweka "mtumishi." Mchungaji alishukuriwa siku nzima bila kutajwa. Alinuna mpaka Pasaka, na Mwalimu hakuelewa kwa nini.

Lakini kazi hasa iliyomjulisha kwa watu ilikuwa nyimbo za maafa. Kwaya zetu zina desturi hiyo, tuliichukua kambini: jambo baya likitokea, linaimbwa, na wimbo unaeleza kila kitu tangu asubuhi, nani alikuwepo, kulikuwa na hali gani, kelele ilisikika wapi. Mvua ya mawe ilipoharibu mihogo, aliiimba. Mlima ulipoporomoka barabarani upande wa Gitaza na watu wakakwama siku mbili wakila ndagala za mchuuzi mmoja, alikodi baiskeli akaenda kuwahoji kabla hata hawajaoga. Watu walimwona anakuja na daftari wakaanza kucheka kabla hajafika, maana walishajua swali lake. Hakuuliza wangapi wameumia. Hakuuliza umepoteza nini. Aliuliza, "Ulikuwa umebandika nini jikoni?"

"Juu ya nini unaniuliza sufuria?" mtu alikuwa anashangaa. "Nyumba imeanguka, weye unauliza mboga!"

Mimi nilimuuliza siku moja kwa nini sufuria. Alikuwa anachonga penseli kwa wembe, akajibu bila kuniangalia. "Ukimuuliza mtu amepoteza nini, Roza, atakuambia kila kitu, na kila kitu hakiimbiki. Ukimuuliza alikuwa anapika nini, anakumbuka mkono wake ulikuwa wapi. Hapo ndipo ninapoanzia." Kisha akaniambia nikafagie chini ya benchi za sauti ya tatu, kwa sababu walikuwa wanakula karanga wakati wa mazoezi.

Hakuruhusu machozi kwenye mazoezi. Ukilia anasimamisha kigoda na kukungoja, kama unavyomngoja mtu anayepiga chafya. "Lia nyumbani, hapa tuko kazini." Na kila wimbo wa msiba ilikuwa lazima uwe na ubeti mmoja wa kuchekesha. Mzee mmoja wa kanisa alimkemea kwa hilo, akamwambia anadharau wafiwa. Mwalimu alimjibu kwa adabu zake za kambini, maana Kiswahili chake kilibaki cha Tanzania mpaka leo na watu wa mtaani walimtania kwacho. "Mzee wangu, ndagala bila jua zinaoza, hata uzipende namna gani. Na msiba nao unataka mahali pa kukaukia."

Sasa nieleze sababu ya Mama.

Kambini kulitokea moto. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na nyasi, zimepangwa kwa mistari, na moto ulianza mchana kwenye mstari wa tatu, mstari wetu. Majiko matatu yalikuwa yamegeuziana mgongo, yanatenganishwa na ukuta mmoja wa nyasi: la Mama, la Mama Anastazia, na la Mama Emanueli. Hakufa mtu. Walikufa kuku, ikafa redio moja na cherehani ya fundi, na mstari mzima ukalala nje wiki mbili. Mwalimu alitunga wimbo. Ulikuwa mzuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu wimbo mbaya ungesahaulika. Mwanzilishi, yule anayeanza peke yake, aliuliza, "Moto wa mstari wa tatu, ulianza kwa nani?" na kwaya nzima ikaitikia kwa sauti nne:

"Mama Roza!"

Roza ni mimi. Kwa hiyo jina langu pia lilikuwamo. Watoto waliuimba wakiruka kamba. Wanawake waliuimba kwenye foleni ya maji, wala si kwa ubaya, wimbo ulikuwa mtamu tu mdomoni. Mama ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo wakati huo, sauti ya kwanza ambayo watu walikuwa wanakuja kuisikiliza kutoka mistari ya mbali. Mwalimu alimpelekea wimbo aufundishe. Aliusoma mpaka pale, akalifunga daftari, akamrudishia, ikabidi mwingine auanzishe, na tangu siku hiyo Mama hakuimba tena. Hata nyumbani. Hata akifua. Na wimbo ulirudi Burundi pamoja nasi.

Maisha ya Mama baada ya hapo yalikuwa ya kulinda jivu. Alimwagia makaa maji hadi jiko likapasuka. Hakwenda arusini mpaka ahakikishe moto umekufa, kisha akiwa njiani alirudi kuhakikisha tena, na tulifika wakati wageni wananawa baada ya kula. Tulimcheka sana kwa hilo mimi na ndugu zangu. Sasa naona aibu kwamba tulimcheka.

Mwalimu naye alikuwa na vituko vyake, na baadhi vilinifariji, maana mtu anayekuumiza ni afadhali awe kichekesho kidogo. Aliogopa maji. Aliishi Rumonge, ziwa liko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake, na hakuingia mtumbwini hata mara moja. Aliogea ndoo, tena ndoo yenye kifuniko. Kwaya ilipoalikwa kijiji ambacho njia fupi ni ya ziwani, sisi tulipanda boti na yeye akazunguka kwa barabara, akafika tumeshaimba, tumeshakula, tunasubiri baraka. Alitufokea kwa kuchelewa kwake. Msibani macho yake yalikuwa makavu kabisa, lakini arusini alienda na leso mbili. Alijisifu kwamba hajaweka uongo hata mmoja kwenye wimbo, na wakati huohuo alisema kofia yake alipewa na askofu, kofia ambayo mimi na mchuuzi wa Magara tulimwona akiinunua sokoni, tena akiomba apunguziwe.

Halafu ziwa likapanda. Watu wa mbali wanadhani mafuriko huja kwa kishindo. Letu lilikuja kidogokidogo, miezi na miezi, kama mgeni anayesogeza kiti. Lilichukua mwalo wa kuanikia ndagala, likachukua migomba, likachukua choo cha jirani, naye akasema afadhali, kilikuwa kimejaa. Tulipanga mifuko ya mchanga. Tuliinua vitanda juu ya matofali. Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa Ramadhani, upepo ukayasukuma maji mpaka majikoni, sufuria zikaanza kuelea na chakula ndani, na mtaa wa chini ukahama siku ileile. Tulipewa mahema kule juu kilimani. Nyumba yetu ilibaki mabati tu juu ya maji, na ndege mmoja mweupe, nyange, akasimama pale kama aliyelipa kodi.

Siku ya pili Mwalimu alitokea kati ya mahema na daftari lake. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imezama, na soksi alizovaa hazikufanana. "Ulikuwa umebandika nini jikoni?"

Safari hii mambo yalimharibikia, kwa sababu watu walikuwa wameshajanjaruka. Walijua wimbo utarekodiwa kwa simu na kufika kwa wakwe zao, na hakuna aliyetaka kuimbwa na sombe, majani ya mihogo ya kila siku. Hema la kwanza: nyama. La pili: nyama na wali. La tatu: kuku, tena wawili. Baba mmoja aliyekuwa anakula bugali na ndagala mwaka mzima alisema alikuwa amebandika mbuzi. Mwalimu aliandika yote, akafika mwisho wa mstari, akahesabu, akavua miwani.

"Kumbe siku ile mtaa mzima ulikuwa na arusi," alisema, "na mimi peke yangu sikualikwa."

Alirudi upya, safari hii akiuliza watoto, na watoto wakasema ukweli. Sombe. Maharage. Maboga. Mama zao wakapiga kelele, kukawa na mazungumzo marefu kuliko mkutano wowote wa kilimani, na mwisho wakaelewana: sombe ibaki sombe, lakini iitwe "sombe yenye mawese mengi." Kapera mmoja alikiri kwamba alikuwa hajabandika kitu, alikuwa anangoja jirani aivishe, na huo ukawa ubeti wa kuchekesha. Hajati, jirani yetu muuza sambusa, alikuja mwenyewe kudai nafasi yake. Alisema jiko lake lilikuwa baridi kwa kuwa alikuwa amefunga, na hilo nalo ni jambo, liandikwe. Likaandikwa. Mzee yule wa kanisa akauliza, "Mwalimu, Hajati iko inafanya nini mu wimbo wa Bwana?"

"Iko inafunga," akajibu Mwalimu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili chetu.

Wimbo ulitembea nyumba kwa nyumba, kutoka barabarani kushuka ziwani, ukitaja jina na sufuria. Nyumba yetu ilikuwa ya tisa. Mwalimu hakuthubutu kwenda kwenye hema la Mama, akanituma mimi. Nilimkuta Mama anafunga kamba ya hema, nikamuuliza alikuwa amepika nini. Hakugeuka.

"Umwambie aondoe moto kwanza," alisema. "Akishatoa moto, nitaingia mu maji."

Nilimpelekea Mwalimu jibu hilo. Alikuna kichwa chini ya kofia. "Roza, wimbo ukishatoka si wangu tena. Maji yakimwagika hayazoleki."

Nikarudi kwa Mama. "Maji anayajua yeye?" alisema Mama. "Umwambie yamepanda yenyewe mpaka jikoni kwangu."

Niliwabebea maneno namna hiyo siku nne, naye akajaribu "yaliyopita si ndwele," na Mama akajibu kwamba ndwele si yake, ndiyo maana anaiona imepita. Siku ya tano nilikasirika. Nilimwambia Mwalimu, "Si ulisema wino ndio unaodhani umemaliza? Basi penseli inafutika." Alifungua daftari la zamani, lile la kambini, akanionyesha ukurasa wa moto. Lile jina lilikuwa limefutwa. Karatasi ilikuwa nyembamba mahali pale kwa kufutwa, sijui mara ngapi. "Daftari nimefuta," alisema. "Midomo nitaifuta na nini?" Hakuniambia zaidi, ingawa sasa najua kwamba kulikuwa na zaidi.

Kwa kuwa hakutaka kubuni sufuria ya Mama, aliacha nafasi. Tukifika nyumba ya tisa tulinyamaza mipigo minne, ngoma ikapiga peke yake, kisha tukashuka kwa Hajati. Alidhani ni heshima. Ilikuwa balaa. Wimbo ulienda kwenye simu za watu mpaka kusini, na watu walipenda kuuliza habari za ile nyumba ya kimya kuliko za sombe. Binamu yangu wa Nyanza-Lac alinipigia kuuliza, "Kwani nyinyi hamukukaa pale?" Pale kilimani watu walipotaka kukumbushana nani alikuwa jirani wa nani, waliimba, na wakifika kwetu walitazama chini. Mama alisikia kimya chake kutoka kila hema. "Moto niliimbwa," aliniambia, "maji nimefutwa." Niliumia sana siku hiyo. Nilitaka kitu kimoja tu, mtaa umtaje mama yangu vizuri kabla hajafa, na Mama alikuwa na presha, na Mwalimu alikuwa ameanza kukohoa.

Niliacha kwaya. Mwalimu hakunifuata. Nilisikia tu kwamba mazoezini alikuwa anagonga kigoda akingoja sauti ya pili ikamilike, halafu anakumbuka na kuendelea.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, Mama alikuwa ameshapata nyumba ndogo ya matofali hukohuko kilimani, vyumba viwili na baraza. Mimi nilikuwa nimekuja kumtembelea. Ilikuwa kama saa tisa mchana, Mama anachambua mchele kwenye ungo, tukaona baiskeli inasukumwa kupanda mlima na juu ya kiti cha nyuma amekaa Mwalimu, amekonda, ameshika kofia kwa mikono miwili. Kijana wa baiskeli alimshusha kama mzigo wa mayai. Nilitazama uso wa Mama, nikaona hautikisiki.

"Amahoro, Mama Roza," alisalimia.

"Amahoro. Roza, mupatie Mwalimu kiti. Ile yenye mguu mubaya usimupe." Akafikiri kidogo. "Ama mupe tu."

Nilimpa kile kizima. Alikaa, akakohoa mpaka akamaliza, akanywa maji niliyomletea. Hakuwa na daftari. Alitazama chini ziwani, kule mabati yetu yalikokuwa, kisha akageuza macho haraka.

"Mama Roza, nimekuja na jambo moja, halafu nitashuka kabla jua halijazama, baiskeli ile haina breki," alisema. "Ule moto. Mimi sikuona ulipoanzia."

"Najua hukuona. Ulikuwa umelala."

"Hakuna aliyeona. Niliuliza mstari mzima. Majiko matatu, ukuta mmoja, kila mtu anasema alishtuka umeshawaka." Alikuwa anaongea na kofia yake. "Wimbo ulikuwa umekwisha, umebaki mwitikio tu. Swali limeshaulizwa, lazima lijibiwe. Nikajaribu Mama Anastazia, wimbo ukaanguka. Nikajaribu Mama Emanueli, ukaanguka. Nikajaribu Mama Roza..."

"Ukasimama," alisema Mama.

"Ukasimama."

Nilikuwa nimeshika birika na sikuweza kuliweka chini. Nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo, hata kwa ziwa. Miaka zaidi ya ishirini ya kumwagia jivu maji, kwa sababu jina langu lina silabi mbili! Nilitaka kumwambia atoke, lakini Mama aliinua mkono wenye mchele akaninyamazisha.

"Mwalimu, unajua ulinifanya nini?" alisema taratibu. "Mwanzo nilijua si mimi. Nilikuwa sijawasha bado siku ile, kuni zilikuwa mbichi. Halafu mukaimba. Mukaimba, mukaimba, mpaka nikaanza kukumbuka cheche. Niko naziona mpaka leo, zinaruka mu nyasi. Cheche za moto sikuwasha."

Mwalimu, ambaye hakulia msibani hata mara moja, alitafuta leso mfukoni na hakuipata. Alijifuta kwa kofia ya askofu. "Nisamehe," alisema. "Sina neno lingine. Nimetafuta."

Mama hakusema amemsamehe. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kitenge, akakaa wima kama nilivyomwona akikaa nilipokuwa mtoto, mbele ya kwaya, kabla ya mambo haya yote.

"Anzisha," alisema.

"Nianzishe nini?"

"Ule wa moto. Anzisha, mimi nitaitikia."

"Mama Roza, unaijua sauti yangu."

"Inanitosha."

Aligonga ubao wa kiti kwa kidole, kwa kuwa penseli hakuwa nayo. Akaimba, vibaya kama kawaida, sauti ikipasuka katikati: "Moto wa mstari wa tatu, ulianza kwa nani?" Kisha akainamisha kichwa kungojea. Mimi nilihesabu haraka kichwani, ni mazoea ya kwaya: kwa-Mwa-li-mu. Mipigo minne. Ilienea kabisa. Nikajua Mama naye amehesabu, na nikajua kwamba Mwalimu amehesabu kabla yetu sote, ndiyo maana alikuwa ameinama. Kesho yake kilima kizima kingekuwa kinauimba.

Mama alivuta pumzi. Sauti ilitoka na kutu pembeni, lakini ilikuwa ileile, ya kwanza, iliyonyooka:

"Hatujui."

Mwalimu aliinua kichwa. Alihesabu kwa vidole juu ya goti lake, akafika kidole cha nne. Alihesabu tena, polepole, akigonga kila silabi.

"Imeenea," alisema. "Mama Roza, imeenea yote."

"Ndiyo," alisema Mama, akavuta ungo wake karibu. "Hata siku ile ingeenea."